Mgongo wa Ng'ombe

Natanaeli alikuwa mfugaji katika milima ya Itombwe, Kivu Kusini, mpaka ng'ombe wake walipoporwa wote asubuhi moja. Yeye, mkewe Uwamariya na binti zao wawili walitembea, wakavuka mipaka, wakafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakiwa na sufuria mbili na Biblia. Huko walipewa kipande cha ardhi, wakajenga nyumba ya udongo, wakapanda mahindi na maharage kama majirani zao. Uwamariya alijifunza jembe akalizoea. Natanaeli hakulizoea. Kila asubuhi alitoka nje, akasimama mbele ya nyumba, akatazama mbali kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kufanya.

Mwaka wa tatu, mshirika mmoja wa kanisa lao aitwaye Gatete, ambaye alikuwa akifanya kazi mjini Mbarara, alimwambia kwamba kazini kwao anatafutwa mtu anayejua majani.

"Majani ya ng'ombe?" Natanaeli akauliza.

"Hapana. Ya golfu."

"Golfu ndiyo nini? Inakula majani?"

Gatete alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Jumatatu iliyofuata walipanda gari pamoja, na saa nne asubuhi Natanaeli alisimama kwenye lango la uwanja ule akatazama juu. Alisimama muda mrefu. Ulikuwa mlima mzima wa nyasi, fupi na za kijani, zimepanda na kushuka mpaka kileleni, na upepo ulikuwa unapita juu yake. Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Gatete alidhani mwenzake anaogopa kuingia, akamvuta mkono.

Uwanja ule ulitengenezwa na maofisa wa Kiingereza zamani, kabla ya uhuru. Walikuwa wachache, na ama hawakuwa na mashine au hawakuwa na haraka, kwa sababu hawakusawazisha kitu. Waliuchukua mlima kama walivyoukuta, wakachimba mashimo tisa mahali mlima wenyewe ulipokubali. Kwa hiyo kila shimo lilikuwa na tabia yake. Shimo la kwanza ulipiga mpira kuelekea juu, na kama upepo wa bondeni umeamka, mpira ulirudi karibu na miguu yako. La tatu hukuliona kabisa, lilikuwa nyuma ya kilima. Ulipiga kwa imani, na ukimaliza uligonga rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti ili walio nyuma wajue umeondoka. La sita ndilo lililojulikana kuliko yote. Grini yake, yaani lile duara la majani mafupi lenye shimo na bendera, ilikuwa juu ya tuta lililopinda kama mgongo wa ng'ombe wa Ankole. Mpira ukiangukia kushoto kidogo, uliteremka kushoto mpaka kwenye vichaka. Ukiangukia kulia kidogo, uliteremka kulia. Watu waliliita Mgongo wa Ng'ombe, na wageni kutoka Kampala walifika pale wakicheka, wakaondoka wamenuna.

Wenyeji waliupenda uwanja kwa sababu hiyohiyo. Nguvu hazikusaidia sana pale. Kila Alhamisi maofisa wa jeshi kutoka kambi ya Makenke walikuja, vijana wenye mabega mapana na fimbo mpya, na kila Alhamisi walishindwa na Mama Kyomugisha, mwanamke aliyepita miaka sitini, aliyekuwa na fimbo tano tu katika mfuko uliofungwa kwa kamba.

Mama Kyomugisha alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Marehemu mumewe alikuwa mwanajeshi, na ujana wake aliupitisha katika kambi za jeshi, ndiko alikopata Kiswahili chake. Natanaeli, ambaye sasa alitunza majani ya uwanja, hakujua Kiingereza, na Kinyankore alikielewa kuliko alivyoweza kukisema, kwa hiyo wawili hao walizungumza Kiswahili, kila mmoja cha kwake.

"Natanaeli," alisema siku moja mwanzoni, amesimama juu ya Mgongo wa Ng'ombe, "hii mpira yangu nakwenda wapi?"

Natanaeli alichuchumaa akatazama majani. "Mama, pale fasi majani inalala, mayi inapitaka pale. Mupira itafata mayi."

Mama Kyomugisha alipiga kuelekea pale alipoonyeshwa, kwenye njia ya maji. Mpira ulizunguka polepole, ukapinda kama mtu anayekumbuka nyumbani, ukaingia shimoni. Mama Kyomugisha akamgeukia. "Wewe nani nafundisha wewe?"

Hakuna aliyemfundisha. Alitazama tu. Katika mwaka wake wa pili, aking'oa vichaka juu ya shimo la sita, jembe lake liligonga jiwe, kisha jiwe jingine, na baada ya siku nne za kuchimba alikuwa amefukua mtaro uliojengwa kwa mawe, unaopita upande wa juu wa Mgongo wa Ng'ombe na kuyapeleka maji ya kilele upande, mpaka kwenye korongo. Hakuna kijana wa kazi wala mwanachama aliyekuwa na habari nao. Tangu hapo alikuwa anausafisha kila mwaka kabla ya mvua. Aliuelewa mlima sasa. Tuta lile lilikuwa limekaa pale kwa sababu kuna mtu zamani alilionea huruma akaliondolea maji.

Hivyo ndivyo alivyoishi kwa miaka tisa. Alipanga chumba mtaa wa Kakoba, mjini, pamoja na Gatete, na kila Jumapili baada ya kazi alishika njia ya Nakivale, akalala kwake, akarudi Jumanne. Uwamariya alimtania kwamba ana mke wa pili mlimani. Natanaeli hakukataa.

Mwaka jana, mwezi wa sita, kamati ya uwanja ilikaa ikaamua kuubadilisha.

Mwenyekiti wake, Bwana Tibenderana, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amecheza pale tangu utotoni, baba yake akiwa mpishi wa klabu. Lakini wanachama walikuwa wanapungua. Vijana wenye magari walikwenda kucheza kwenye viwanja vipya vya mbali, na mashindano makubwa yalikuwa yanapita Mbarara bila kusimama. Sasa waliahidiwa mashindano ya Novemba, kwa sharti kwamba shimo la sita lirefushwe na grini yake isawazishwe. Wachezaji wakubwa, waliambiwa, hawataki kuaibishwa na kilima.

Natanaeli alisikia habari hiyo kwa Gatete. Alinawa mikono, akavaa koti lake la kanisani, akaenda kusimama nje ya ofisi mpaka Mwenyekiti alipotoka.

"Sebo," akasema, akimwita bwana kwa lugha ya pale, "pale kwa sita iko mutaro. Ya mawe. Bakiukata, mayi yote itaingia mu tuta."

"Injinia anajua," Bwana Tibenderana akajibu kwa upole. "Naweka bomba. Bomba kubwa."

"Bomba itajaa majani, sebo. Mvua ya kule juu inakuya na majani mingi."

"Natanaeli." Mwenyekiti akamshika bega. "Wewe ni mtu ya kazi sana. Mimi najua. Lakini hii ni mambo ya injinia."

Mama Kyomugisha alikwenda kwenye mkutano wa wanachama, akasimama, akazungumza kwa Kiingereza, kisha kwa Kinyankore. Gatete, aliyekuwa anagawa chai, alisema baadaye kwamba wote walimsikiliza kwa heshima, na alipoketi walipiga makofi. Halafu wakapiga kura, na waliopiga kura upande wake hawakufika hata kumi.

Wiki iliyofuata injinia alikuja, kijana mpole mwenye kofia nyeupe, akiwa na ramani. Alihitaji mtu wa kupigilia vigingi pale tingatinga litakapopita. Aliyeujua mlima kuliko wote alikuwa Natanaeli, kwa hiyo akaitwa yeye.

Alipigilia vigingi arobaini kwa mkono wake. Injinia alikuwa anaonyesha kwa kidole, naye anapiga nyundo. Kigingi cha ishirini na kitu kiliangukia juu ya mtaro, kikagonga jiwe, kikakataa kuingia.

"Sogeza kidogo," injinia akasema.

Alisogeza kidogo, kikaingia.

Jumapili ile alipofika Nakivale hakula. Uwamariya aliweka sahani mbele yake, akaitoa, akairudisha, mwisho akaketi karibu naye.

"Ni nini?"

Akamweleza. Uwamariya alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake mapajani, udongo wa shambani ukiwa bado kwenye kucha.

"Natanaeli, kwani mlima ule ni wako?"

"Si wangu."

"Basi. Ile iliyokuwa yetu tuliiacha tukaondoka. Huu wa watu utaulilia wa nini?"

Alijua mkewe anasema kweli, na kweli hiyo haikumwondolea kitu chochote kifuani. Usiku aliomba pamoja na familia kama kawaida. Aliombea wagonjwa, akaombea waliobaki Itombwe, akaombea mvua ya Nakivale kwa sababu mahindi yalikuwa yanaungua. Kisha akanyamaza ghafla katikati ya sala, kwa kuwa aliona hawezi kuomba mvua huku na kuikataa kule. Binti mdogo, Umuhire, ndiye aliyemalizia kwa kusema amina.

Tingatinga lilifanya kazi siku nane. Mgongo wa Ng'ombe ulikatwa kama mkate, udongo wake ukasukumwa upande wa chini kutengeneza uwanda mpana, na mawe ya mtaro yakachanganywa na kifusi. Bomba lilitandikwa. Nyasi mpya zilikuja kwa lori, zimekunjwa kama mikeka, na Natanaeli na Gatete wakazitandaza. Grini mpya ilipendeza, hilo hakuna aliyekataa. Ilikuwa tambarare na laini, na wanachama walikuja na wake zao kupiga picha. Mama Kyomugisha alicheza hapo mara moja, akatia mpira shimoni kwa pigo moja bila kuinama kutazama.

"Hii hata mtoto naweza," akasema, akaokota mpira wake.

Mvua zilianza mwisho wa Septemba. Za kwanza zilikuwa nyepesi, na kila baada ya mvua Natanaeli alipanda mpaka kwenye mdomo wa bomba akatoa majani kwa mikono. Alhamisi ya pili ya Oktoba, saa tisa alasiri, ilikuja ile kubwa. Mawingu yalitokea upande wa Bwizibwera, meusi, na kabla watu hawajafika kwenye jengo la klabu ilikuwa inapiga mapaa kama changarawe.

Natanaeli hakukimbilia klabu. Alichukua jembe akapanda juu. Bomba lilikuwa limeshaziba. Aliingiza mkono mpaka begani, akavuta matawi, nyasi, mfuko wa plastiki, na kila alichokitoa kilifuatwa na kingine. Maji yalikuwa yanampita pembeni sasa, mekundu, yakishuka moja kwa moja kwenye uwanda mpya. Akaacha bomba, akaanza kuchimba mtaro wa upande, pale ule wa zamani ulipokuwa. Alichimba kama kichaa. Alipata labda hatua sita, nao ulijaa udongo upesi kuliko alivyochimba.

Ndipo alipoona ufa. Ulikuwa umepita katikati ya grini mpya kutoka upande hadi upande, mwembamba, kama mshono wa nguo unaoachia.

Akatazama chini. Chini ya uwanda ule, karibu na njia ya kwenda shimo la saba, kulikuwa na kibanda cha mabati ambapo wachezaji walijikinga na jua. Mtu alikuwa ameketi ndani. Aliona mfuko wenye kamba, umeegemezwa kwenye nguzo.

"Mama! Mama, toka! Toka pale!"

Mvua ilikuwa inapiga bati la kibanda, na Mama Kyomugisha alikuwa na miaka sabini na minne. Hakugeuka. Natanaeli akatupa jembe akaanza kukimbia kwa kuzunguka, kwa sababu hakuweza kupita juu ya uwanda. Aliteleza, akaanguka, akaamka. Alikuwa amebakiza kama mita themanini alipouona udongo ukitembea.

Haukuja kwa kishindo. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote, kwamba aliona kila kitu na kulikuwa na wakati wa kuona. Ulishuka kama uji mzito unaomwagwa kutoka chunguni, nyasi mpya zikiwa bado juu yake, na bendera ya shimo la sita ikiwa imesimama, inashuka nayo. Mama Kyomugisha aliinuka. Alimwona Natanaeli, akainua mkono kama anayemsalimu, au anayetaka kuuliza kitu. Kisha nguzo za kibanda zikalala.

Natanaeli alifika akachimba kwa vidole. Gatete alikuja, na maofisa watatu wa Makenke waliokuwa wanasubiri mvua klabuni, wenye mashati meupe ya kuchezea, nao wakapiga magoti kwenye matope. Bati lilikuwa limemfunika kichwa likamwachia nafasi ya kupumua. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa amezikwa.

"Mama, unanisikia?"

"Nasikia. Mguu hapana sikia."

Walimtoa baada ya nusu saa. Nyonga ilikuwa imevunjika mahali pawili. Natanaeli alimshika mkono mpaka kwenye gari, na mlangoni mwa hospitali muuguzi alimuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Alitafuta neno. Muuguzi alisubiri kidogo, kisha akafunga mlango.

Alikaa kwenye benchi la nje mpaka jioni, matope yakimkaukia mwilini. Binti wa Mama Kyomugisha alifika kutoka Kampala, akapita mbele yake akikimbia, na hapakuwa na mtu wa kumwambia huyu ni nani. Siku ya tatu watoto wa Mama Kyomugisha walimhamishia mama yao huko Kampala.

Mashindano ya Novemba yalifanyika mji mwingine. Injinia hakuonekana tena. Kwenye kamati, wengine walisema ni mvua ya Mungu, wengine walisema wafanyakazi hawakusafisha bomba. Gatete alikasirika akataka waende wakajieleze. Natanaeli alimwambia aache.

"Watatufukuza bure," Gatete akasema.

"Wakifukuza, wamefukuza."

Hawakufukuzwa. Walipewa kazi ya kurudisha majani mahali pale. Sasa pale palikuwa jeraha jekundu, refu kutoka karibu na kilele hadi kwenye vichaka vya chini, na wachezaji walicheza mashimo manane, wakarudia la kwanza ili wapate tisa. Natanaeli alipanda nyasi mstari kwa mstari. Aliweka magunia ya udongo, akaweka matawi, akafunga kwa kamba. Kila mvua ilipokuja ilichukua alichopanda, na udongo kidogo zaidi. Korongo la zamani lilikuwa limejaa kifusi, kwa hiyo maji yalitafuta njia mpya, leo hapa, kesho pale.

Mwezi wa kwanza mwaka huu simu yake ililia akiwa huko juu. Ilikuwa sauti ya Mama Kyomugisha, nyembamba kuliko alivyoikumbuka.

"Natanaeli. Mimi nakaa kwa kiti tu. Wananisukuma."

"Pole sana, Mama."

"Sita yangu iko namna gani?"

Alitazama mbele yake. Magunia mawili yalikuwa yamepasuka tangu jana. Alikuwa shemasi wa kanisa, na hakukumbuka mara ya mwisho aliposema uongo kwa mtu mzima.

"Iko muzuri, Mama. Majani inaanza kuota."

"Kweli?"

"Kweli."

"Sawa," akasema. "Asante, mwanangu." Simu ikakatika, na hakupiga tena.

Mwezi wa tatu, Jumatano moja asubuhi, Bwana Tibenderana alipanda mpaka kule peke yake kwa miguu, akiwa na viatu vya ofisini. Alikuwa amekonda. Alisimama kando ya jeraha, akavua kofia. Natanaeli aliendelea kufunga magunia kwa kuwa hakujua kama anatakiwa kusimama.

"Natanaeli," Mwenyekiti akasema mwishowe. "Baba yangu alikuwa naleta mimi hapa kuangalia jua. Wewe najua?"

"Hapana, sebo. Sikujua."

"Sasa niambie wewe. Tufanye nini?"

Natanaeli alijinyoosha. Alitazama juu, pale mtaro ulipokuwa, akatazama chini mpaka kwenye kifusi. Alikuwa amelisubiri swali lile tangu siku ya koti la kanisani. Alijaribu kuyaona maji, kama alivyoweza zamani, yashike wapi na yapite wapi, na hakuyaona. Mlima aliokuwa anaujua ulikuwa haupo pale tena. Aliona udongo tu, uliolala vibaya, usiokuwa na mwanzo.

"Sebo," akasema, "mimi sijui."

Bwana Tibenderana alisubiri, akidhani kuna neno linakuja. Lilipokosa kuja aliitikia kwa kichwa mara mbili, akavaa kofia, akaanza kuteremka, akishika vichaka asianguke. Natanaeli alimtazama mpaka alipofika kwenye gari. Kisha akaita Gatete alete toroli, kwa sababu kulikuwa na nyasi za kupandikiza zilizong'olewa tangu alfajiri, na kama hazikupandwa kabla ya jua kali zingekauka.